Juu Ni Kusini

Umeniuliza, Damir, njia nizipendazo,
za kwenda asubuhi na kurudi jioni.
Kwanza jifunze mji huu unavyosema.
Almaty hatusemi kusini, twasema juu.
Kaskazini ni chini.
Duka la dawa liko chini ya posta,
na mgeni huzunguka akitafuta ghorofa.
Milima ndiyo dira; ukungu ukiimeza
hata madereva wa teksi huulizana njia.

Anza na ngazi za ukuta,
ule uliojengwa kuzuia tope na mawe yasituzike.
Mia nane na ushei. Mimi hupotea kwenye mia tatu,
kwa sababu Raushan hungoja pumzi ziwe haba
ndipo anisimulie habari za wakwe zake.
Vijana hupanda mbio, saa mkononi.
Wapishe.
Nenda Januari, moshi wa makaa umeufunika mji,
na mahali fulani kwenye ngazi ya mia sita
utachomoza juani ghafla
kama kichwa cha mtoto kwenye shingo ya sweta.

Kok-Jailau utaelekezwa na kila mtu.
Ni kweli, nyasi zake zinalaza.
Lakini pita kwa msitu wa matufaha ya mwitu,
Septemba, yakiwa ardhini, madogo, machachu,
yanakunja uso kuliko deni.
Pale farasi wa mtu, sijui wa nani,
alikula mkate wangu na nusu ya ramani.
Nilirudi kwa nusu iliyobaki.
Ilitosha.

Maporomoko ya maji, siku za kazi tu.
Jumapili utasikia redio kabla ya maji.

Ile ninayoipenda haina jina.
Shuka kituo cha mwisho cha basi,
pale wastaafu wanapopanga madumu kwenye chemchemi
na kugombana nani alitangulia.
Nyuma ya kibanda cha umeme kuna njia
nyembamba, ya mbuzi au ya wapenzi.
Dakika arobaini, msonobari mmoja uliopigwa radi,
kisha mgongo wa kilima, basi.
Hakuna anayepiga picha huko.

Mara ya mwisho na Ermek tulitumia saa nne.
Mapafu yake yalikuwa yamebaki na kazi ndogo ndogo.
Kila hatua kumi alisimama, akasingizia maua:
"Hili hatukuliona mwaka jana."
Tulikuwa tumeliona. Nikainama, nikalitazama upya.
Kileleni alikula yai moja, la pili akanipa,
akasema, wanaosema milima haikutani
hawajafika hapa.
Akaonyesha kwa kidole chenye chumvi:
mgongo huu, na ule, na ule wa theluji,
yote imeegemeana kama watu kwenye foleni ya mkate.

Sasa goti langu limekwisha kama soli.
Kupanda mchongoma, unajua yaliyobaki.
Basi mimi nimeigundua dawa ya ngoma hiyo:
nashuka kinyumenyume.
Maumivu yanapungua nusu, sitanii.
Wenye madumu hunicheka, mmoja hunipigia makofi,
na Raushan hutangulia akinisomea njia:
jiwe, mzizi, jiwe, subiri, mbwa.

Chukua koti hata Julai. Chukua chumvi.
Basi la mwisho huondoka saa mbili kasorobo,
ila Tursun, dereva, humsubiri anayepunga mkono.
Mimi hunisubiri hata nisipopunga.
Huona mgongo wangu ukimjia taratibu
na uso wangu umeelekea juu.